Asante kwa Kupita Hapa

Mtaani walimwita Mama Pasi, na jina lilimkaa vizuri. Alikuwa dobi. Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa na meza ndefu iliyofunikwa blanketi kuukuu, pasi mbili za umeme, na kamba zilizotoka ukuta hadi ukuta zikiwa zimelemewa mashati ya watu. Kila nguo iliyoingia mle aliishonea kitambaa chenye namba upande wa ndani, kwa uzi mwekundu, kwa sababu aliamini kwamba mtu ukimpotezea shati, hata ukimnunulia jipya, moyoni hakusamehe.

Nyuma ya chumba hicho ndiko walikoishi. Mumewe alikuwa fundi umeme, na kazi zilimpeleka miji ya mbali wiki kwa wiki. Watoto walishakua wakashika njia zao. Aliyebaki naye nyumbani siku zote alikuwa baba mkwe wake, mzee mrefu mwenye viganja vigumu kama ngozi ya kiatu, ambaye mji mzima ulimjua kwa jina la Mwiko.

Mwiko alikuwa fundi lipu. Enzi zake, majengo yaliyokuwa yakiota mjini yalipita mikononi mwake: shule, maghala, ofisi ya posta, nyumba za watu wenye nazo na wasio nazo. Walimpa jina hilo kwa ajili ya mwiko wake wa kupigia lipu, lakini wenzake wa kazi walisema ni kwa sababu ukuta wenye mawimbi, kwake, ulikuwa mwiko kabisa. Angeubomoa wote, akaanza upya, na tajiri akipiga kelele yeye anapiga mluzi.

Mama Pasi alipoolewa, mzee huyu ndiye aliyempokea. Mama mkwe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Bibi harusi yule alikuwa hajui hata kukoroga uji usioshika madonge, na baba mkwe aliunywa hivyo hivyo, akasema, "Mkamwana, uji huu una kokoto nzuri za zege," kisha akaomba kikombe cha pili. Chumba cha mbele alikigeuza yeye kuwa cha udobi. Alitoboa dirisha, akasawazisha sakafu ili maji yasituame, akapiga lipu laini isiyochubua nguo. Kwa hiyo mzee alipoanza kusahau, Mama Pasi hakuona kama amebebeshwa mzigo. Aliona zamu yake imefika.

Ugonjwa ulianza kwa miwani. Mzee aliitafuta huku ameivaa, wakacheka wote. Baadaye akaanza kumwita mwanawe kwa jina la ndugu yake aliyekufa, na hapo hakuna aliyecheka. Mwisho akaanza kutoka. Aliamka, akavaa kofia yake nene ya kitambaa, ile aliyokuwa akivaa kazini, akasema, "Nakwenda kuangalia kama lipu imekauka." Lipu yenyewe aliipiga kabla mkamwana wake hajazaliwa. Majirani walimrudisha mara kadhaa, wamemshika mkono, naye akiwaeleza njia nzima ubora wa mchanga wa mtoni.

Sasa, mzee alikuwa na binti mmoja, dada wa mume wa Mama Pasi. Huyu alikuwa fundi simu, ana kibanda karibu na stendi ya mabasi, kimejaa vioo vilivyopasuka na betri zilizovimba. Mdomo wake ulikuwa mkali kama bisibisi zake. Mama Pasi alikuwa na msemo aliowachekeshea wateja: "Mimi nina wifi mbili. Ya kwenye simu haishiki, na ya nyumbani ikishika haiachii."

Wifi alimpenda sana baba yake, na hofu ilipomjia aliitoa kwa njia ya lawama. Kila akija alikagua. Mlango haukufungwa? Baba kala saa ngapi? Mbona kucha ndefu? Mama Pasi alimjibu kwa upole mbele ya mzee, kisha akaenda kumalizia majibu mengine kwenye mashuka, akiyapiga pasi kwa nguvu mpaka mvuke unatoka kwa hasira.

Siku moja wifi alikuja na kidude cheupe cha duara, kikubwa kidogo kuliko kifungo cha koti. Akakiweka juu ya meza ya pasi.

"Hiki tutamfunga Baba," alisema.

"Tumfunge Baba?" Mama Pasi aliweka pasi pembeni. "Kama mbuzi? Au unaona mimi nimeshindwa kumwangalia?"

"Sijasema umeshindwa."

"Lakini umeshakinunua."

Wifi alivuta kiti akakaa, na siku hiyo, pengine kwa uchovu, alieleza bila ukali. Kidude kilikuwa na blutuuthi, ile ile ya kwenye simu ambayo watu hutumia kusikiliza muziki bila waya. Kina betri ndogo ya saa. Chenyewe hakijui kilipo, na hakina nguvu ya kufika mbali. Kazi yake ni kunong'ona tu, mchana na usiku: nipo, nipo, nipo. Simu ya mtu ikipita karibu, hatua chache kutoka hapo, inasikia ule mnong'ono na kupeleka habari kwa mtandao mpaka kwenye simu ya mwenye kidude, kwamba kimesikika mahali fulani.

"Simu ya nani?" Mama Pasi aliuliza.

"Ya yeyote, alimradi ni ya aina inayoelewana nacho na blutuuthi yake iko wazi."

"Na huyo mwenye simu anajua kama ametumwa?"

"Hajui. Simu iko mfukoni, yeye anaendelea na mambo yake. Na wewe humjui."

Mama Pasi alifikiri kidogo. "Kwa hiyo mzee wetu tunamkabidhi kwa wapita njia. Wapita njia wa siku hizi, wasiojibu hata salamu."

"Wao hawasalimiani," wifi alisema. "Simu zao zinasalimiana."

Wakacheka, jambo ambalo lilikuwa halijatokea kwa muda mrefu. Kisha wakamwendea mzee, aliyekuwa ameketi uani anaota jua, wakamweleza. Alikishika kidude, akakigeuza, akakinusa.

"Kitanisaidia nini?"

"Ukipotea tutakupata, Baba," binti yake alisema.

"Mimi sipotei. Nyinyi ndio huwa hamjui nilipo." Akamrudishia. "Lakini kama mtalala usingizi, wekeni."

Wifi alikitia kwenye mkufu, akamvalisha. Mzee akauvua kabla ya jioni. Wifi akakitia kwenye mfuko wa koti, lakini koti la mzee lilifuliwa kila mara, na Mama Pasi alijua kuliko mtu yeyote yanayopata vitu vilivyosahaulika mifukoni. Basi akawaza kama dobi. Ni nguo gani mzee huyu hatoki bila kuivaa, na haifuliwi ovyo? Akaichukua ile kofia, akafumua bitana kwa ndani, akakilaza kidude juu ya pamba kidogo ili kisimchome kichwani, akashona tena kwa uzi wake mwekundu. Mzee alimtazama akishona.

"Usiniharibie kofia, mkamwana."

"Siharibu, Baba. Naitia kiraka cha ndani."

"Sawa. Fundi akishona, mwenye nguo anyamaze."

Siku yenyewe ilifika wakati hakuna aliyeitarajia, mchana wa jua kali, kazi imejaa. Mteja mmoja alikuwa na safari na alitaka suti yake hapo hapo. Mama Pasi aliinama kwenye mikunjo ya suruali, akashika na shati, akatafuta tai iliyoanguka nyuma ya ndoo. Mteja alipoondoka alikwenda uani kumpelekea mzee chupa ya maji ya kunywa, akakuta kiti kitupu. Mlango wa nyuma, ambao alihakikisha ameufunga, ulikuwa umefunguliwa kwa ustadi, komeo limewekwa vizuri pembeni. Fundi ni fundi.

Alichungulia chooni, akachungulia kwa jirani, akatoka barabarani bila kandambili. Kisha akakumbuka simu. Wifi alikuwa amemuunganishia ile huduma. Ilionyesha kofia ya mzee ilisikika muda si mrefu uliopita kwenye kona ya soko. Alikwenda mbio. Kona ya soko ilijaa watu, vichwa vingi, kofia nyingi, wala si ile. Aliuliza wauza nyanya, wauza mitumba. Mmoja alisema amemwona mzee mrefu akipita, amenyoosha mgongo kama mtu anayekwenda kazini. Kuelekea wapi? Hakuangalia.

Baada ya hapo simu ilinyamaza. Hata alipoitikisa, kana kwamba ni saa iliyosimama, ilionyesha kona ile ile ya soko.

Alimpigia wifi, naye akafika amefunga kibanda nusu, vidole bado vina nta ya kulehemu.

"Nilikwambia mlango," alisema. Hiyo ndiyo salamu.

"Nilifunga."

"Ungefunga angetoka?"

Mama Pasi angeweza kusema mengi. Angeweza kusema ni nani anayemwogesha, ni nani anayeitwa usiku, ni nani amezoea kuulizwa "wewe ni nani?" na mtu aliyemlea kama mwanawe. Alisimama tu katikati ya soko, miguu mitupu, machozi yanateremka bila sauti. Wifi alimtazama, akatazama miguu yake, akavua kandambili zake mwenyewe akazisukuma mbele yake.

"Vaa," alisema. "Mimi nina soksi."

Walitafuta mtaa kwa mtaa. Wifi alieleza kwamba ukimya haukuwa na maana ya ubaya. Ulikuwa na maana kwamba mzee yuko mahali ambapo watu hawapiti, au wanaopita hawana simu inayosikia. Alieleza mara mbili, na mara ya pili ilikuwa wazi kwamba anajieleza mwenyewe. Mume alipiga simu kutoka alikokuwa, sauti inakatika, anauliza apande basi lipi. Wakamwambia asubiri. Jua lilianza kuegemea upande mmoja.

Simu zote mbili zililia pamoja.

Kofia ilikuwa imesikika, dakika hiyo hiyo, upande wa maghala ya zamani, nyuma ya reli. Mtu alikuwa amepita huko. Mtu fulani, na simu yake mfukoni.

Walipanda pikipiki moja wote wawili, wifi katikati, na kwa mara ya kwanza katika miaka ya uwifi wao walishikana viuno. Maghala yalikuwa marefu, yamepangana, mengi yamefungwa tangu biashara ya nafaka ihamie kwingine. Kuta zake zilikuwa nene, na lipu, pamoja na uzee wake wote, ilikuwa bado imeshika.

"Hizi alipiga yeye," wifi alisema polepole. "Nilikuwa namletea chakula hapa. Nilikuwa mdogo."

Simu yake ilikuwa ya kisasa zaidi, ile inayoweza hata kukuonyesha mshale wa kukuelekeza ukishakaribia. Lakini mpaka ukaribie. Walitembea kando ya ghala la kwanza, simu imenyooshwa mbele: kimya. La pili: kimya. Blutuuthi ni mnong'ono, na ukuta mnene hauna masikio. Walipokata kona ya ghala la tatu, pale palipokuwa na mlango uliong'oka bawaba, kioo cha simu kilibadilika rangi. Kikaandika kwamba kitu kiko karibu. Wakasonga mbele, kikapotea. Wakarudi nyuma hatua mbili, kikarudi.

"Ndani," Mama Pasi alisema.

Ndani kulikuwa na giza la vumbi, mwanga umeingia kwa matundu ya paa. Mshale ulijitokeza, ukayumba, ukaelekea kushoto, kwenye chumba cha mizani. Wifi akabonyeza kitufe cha kukiamuru kidude kilie. Wakasikiliza. Mwanzoni hawakusikia kitu. Kisha, mbali kidogo na chini, ikaja sauti nyembamba kama ya kifaranga.

Na baada ya hiyo sauti, ikaja nyingine, nzito, imekauka. "Nani ameweka panya kwenye kofia yangu?"

Mzee alikuwa amekaa chini ya ngazi fupi ya saruji, mguu mmoja amenyoosha, kifundo kimevimba. Aliteleza kwenye ngazi na hakuweza kusimama tena. Aliita mpaka sauti ikamwisha. Midomo ilikuwa mikavu. Kofia ilikuwa mapajani, ameishika kwa mikono miwili, anaitazama kwa mashaka huku inalia.

Mama Pasi alipiga magoti. Alitaka kusema mambo mengi, yakatoka mawili tu. "Baba. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu." Alimtazama usoni, akamtafuta humo, na mtu akiwa karibu naye angeona pale alipompata. "Mkamwana. Umekuja na maji?"

Alikuwa nayo. Ile chupa aliyompelekea uani mchana alikuwa bado ameishika. Wala hakujua. Akamnywesha kidogo kidogo, kama alivyoagiza muuguzi siku nyingine. Wifi alikuwa amesimama nyuma yao, simu bado mkononi inaonyesha mshale ulionyooka kabisa kwa baba yake, na alikuwa akilia kwa kwikwi kama mtoto aliyepotezwa sokoni.

"Huyu ana nini?" mzee aliuliza.

"Amefurahi, Baba," Mama Pasi alisema.

"Basi auambie uso wake."

Mwenye pikipiki na mpakiaji mizigo mmoja kutoka bohari la jirani waliwasaidia kumtoa. Zahanati ilisema kifundo kimeteguka tu, hakikuvunjika, na kwamba angekaa mle mpaka kesho yake kiu ingemmaliza. Wifi alipoyasikia hayo alimshika Mama Pasi mkono, hakuuachia mpaka walipofika nyumbani. Hapo mlangoni ndipo alipopata maneno.

"Kofia," alisema. "Mimi ningekitia kwenye koti. Na koti liko kwenye kamba yako, limelowa."

"Na mimi ningetia nini kwenye kofia, kama usingekileta?"

"Nisamehe ya sokoni, wifi yangu."

"Ya sokoni yameishia sokoni."

Lakini kulikuwa na jambo lililomkereketa Mama Pasi, na halikumwacha alale vizuri. Alikuwa na deni la shukrani na hakujua amlipe nani. Alimuuliza wifi kama simu haiwezi kumtaja huyo aliyepita pale nyuma ya reli. Wifi akamwambia haiwezi, na ni makusudi, ili mtu asifuatwefuatwe. Yule aliyemwokoa mzee alikwenda zake na hatajua kamwe.

Kesho yake Mama Pasi alifunga chumba cha mbele, akaenda kwenye maghala. Alisimama pale kwenye mlango uliong'oka, akatazama nani anapita. Walipita wachache. Alikuja mwanamke amebeba madumu, akamsimamisha.

"Samahani dada, jana ulipita hapa?"

"Napita kila siku. Kuna nini?"

"Nataka kukushukuru."

"Kwa lipi?"

"Kwa kupita."

Mwanamke akamtazama kama anayepima kama yuko sawa. Mama Pasi akamsimulia, kwa ufupi, kofia, mzee, simu. Mwanamke akasikitika, akafurahi, kisha akatoa simu yake kutoka kwenye fundo la kanga: kadogo ka vibonye, kamefungwa mpira. "Hii haina hayo mambo," alisema. "Si mimi."

"Haidhuru. Asante vilevile."

Alimshukuru pia mtu wa mkokoteni, mlinzi wa bohari la jirani, na kijana wa chuo aliyekatiza pale kwa ajili ya kufupisha njia. Yule wa chuo alikuwa na simu ya kisasa, na alisema labda, hana hakika, alipita mahali fulani karibu na muda huo akizungumza na mchumba. Mama Pasi alimwambia anawashukuru wote wawili, yeye na mchumba. Mlinzi alimuuliza kama sasa amempata mtu wake. Alisema hapana, hakumpata, lakini hata kama ameshukuru watu wanne wasiohusika, hakuna aliyeumia.

Tangu hapo hakuzima blutuuthi ya simu yake. Wifi alimhakikishia kwamba nayo husikia minong'ono ya watu wengine, na kwamba huenda siku moja akienda tu kununua sabuni, amempitishia mtu habari ya mkoba au ya mtoto. Alipenda kulijua hilo. Alianza kupita njia za mzunguko, zile za nyuma, zisizo na watu. Mumewe aliporudi alimkuta na tabia hiyo na hakuielewa, mpaka alipoelezwa.

Wifi naye alibadili siku zake. Kila Ijumaa alifunga kibanda mapema, akaja kukaa na baba yake, akamkata kucha mwenyewe, na Mama Pasi akapata saa mbili za kulala mchana, kitu alichokuwa amesahau kwamba kipo. Mdomo wa wifi haukuisha makali. Lakini sasa ukali wenyewe uliwaelekea watengenezaji wa makomeo.

Jioni aliyorudi mume, walikula pamoja wote wanne. Mume alikuwa anazungusha kijiko. Akasema, "Sijui niseme nini. Mke wangu, nakushukuru."

"Mshukuru dada yako. Yeye ndiye aliyeleta kidude."

"Kaka, mshukuru mkeo," wifi alisema. "Yeye ndiye aliyekishona."

"Basi nimshukuru nani?"

Mzee alikuwa akiwafuata kwa macho kutoka kwa huyu hadi kwa huyu, anatafuna taratibu. Siku hiyo ilikuwa moja ya siku zake nzuri.

"Mbona mnagombania asante kama mali ya urithi?" alisema. "Na mimi hamnishukuru?"

"Wewe umefanya nini, Baba?" mwanawe akauliza.

Mzee alifikiri, hakukumbuka, akamgeukia Mama Pasi amsaidie.

"Umerudi, Baba," Mama Pasi alisema, akamwongezea mchuzi.